Tumewekewa laina ya chimni, msimu wa baridi umeisha, haya ndio niliyoyaona

Kama una chimni ya matofali na jiko la kuni la chuma limeunganishwa humo, hasa nyumba ikiwa ya zamani, soma hii kabla hujampa mtu kazi. Sisi tumewekewa laina, lile bomba la stenlesi linaloshushwa ndani ya chimni kuanzia juu ya paa mpaka kwenye shingo ya jiko, pale moshi unapotokea, na tumeshaliwasha jiko msimu mzima wa baridi kwa hiyo siongelei mng'ao wa siku ya kwanza. Kampuni siitaji, nitaongelea kazi ilivyofanyika maana hiyo ndio itakusaidia hata kama mafundi wako watakuwa wengine kabisa. Kwa kifupi kazi ni nzuri sana, nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja nimewanyima kwa sababu nitakazosema huko chini. Na kitu nilichokielewa vizuri ni kwamba bomba lenyewe ndio sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye kupima kabla, kwenye blanketi la kushika joto, na kwenye viungo vya juu na chini, hapo ndipo utamtofautisha fundi na mbabaishaji.

Kilichotusukuma ni hivi. Jiko ukiliwasha asubuhi moshi unarudi sebuleni, kioo cha mlango wa jiko kinakuwa cheusi baada ya muda mfupi tu, siku za mvua nyumba inanuka lami hata kama jiko halijawashwa, halafu ukuta wa chumba cha juu unaopakana na chimni ukaanza kutoa madoa ya kahawia ambayo ukipaka rangi yanarudi. Hayo madoa ndio yalinitisha kweli. Ilikuwa kreosoti, ule utomvu mweusi unaotokana na moshi wa kuni ukipoa, imepenya kwenye tofali mpaka imetokea kwenye plasta. Na kama utomvu unapata njia basi hewa ya moshi nayo inapata njia, na humo ndani kuna kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, ikiingia kwenye damu inakaa pale pa oksijeni, mnaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mnadhani ni mafua, mkitoka nje mnapata nafuu mkirudi ndani inaanza upya. Chumba hicho cha juu watoto ndio wanalala. Alamu ya kaboni monoksaidi tulikuwa nayo tayari na haikuwahi kulia lakini sikutaka kusubiri mpaka ilie, nikaanza kutafuta mafundi siku hiyo hiyo.

Wa kwanza kuja alisimama nje, akaitazama chimni kwa chini, akakisia urefu na kutaja bei. Hakuuliza jiko letu ni la aina gani, hakuuliza tunachoma nini, hakufungua kitu. Nikamshukuru akaenda zake. Bei yake ilikuwa nafuu na mume wangu aliitamani kidogo, ila mi nikasema mtu ambaye hajaona ndani anauza bomba tu.

Hawa wa pili walikuja na kamera iliyofungwa kwenye fimbo ndefu, wakaipitisha kutoka chini hadi juu, na fundi mkubwa akaniita, "Mama, njoo uone mwenyewe usije ukasema nimekutungia." Nikaona. Vile vigae vya udongo vilivyopangwa humo wakati nyumba inajengwa vilikuwa na nyufa za kusimama, simenti kati ya kigae na kigae imelika, na sehemu moja kipande kizima kimeanguka unaona tofali tupu, na nyuma ya tofali pale pale ndio zinapita mbao za sakafu ya juu. Akanieleza kwamba vigae vinavumilia joto likipanda taratibu, shida ni pale masizi na kreosoti vinaposhika moto humo humo ndani ya chimni, joto linaweza kuzidi nyuzi 1,000 za selsiasi kwa muda mfupi, upande wa ndani wa kigae unatanuka wa nje bado wa baridi, kinapasuka. Inawezekana ilishatokea kwa waliokaa kabla yetu na hawakujua, kwa sababu moto wa chimni si lazima ungurume, mwingine unawaka polepole na kuzima wenyewe. Mbali na moto kuna maji, mvuke wa moshi ukigeuka maji unachanganyika na salfa unakuwa asidi na asidi inakula simenti miaka na miaka. Kuna chimni za zamani hata hivyo vigae hazina, Uingereza huko enzi zile walikuwa wanasiriba ndani kwa chokaa iliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe basi. Ukinunua nyumba ya zamani pitisha kamera kwanza, usiwashe jiko.

Sasa nije kwenye vipimo, hapa ndipo waliponishinda kabisa na ndipo imani yangu kwao ilipoanzia. Shingo ya jiko letu ina kipenyo cha sentimita 15. Tundu la chimni kwa ndani ni la mraba, karibu sentimita 29 kila upande. Ukipiga hesabu ya eneo, tundu ni karibu mara tano ya shingo ya jiko. Mi kwa akili yangu nilidhani chimni pana inavuta vizuri zaidi, kumbe moshi ukitoka kwenye shingo nyembamba ukaingia kwenye tundu pana unafanya kama mto ulioingia bwawani, unapoteza mwendo, unazubaa, unapoa. Na chimni inavuta kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya nje, ikishapoa huo wepesi unaisha, mvuto unakufa, moshi unarudi sebuleni. Halafu ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi ndio ile mivuke ya kuni inaganda ukutani kuwa kreosoti. Yaani moshi sebuleni, kioo cheusi, harufu na madoa vyote vilikuwa na mzizi mmoja, pamoja na hizo nyufa. Fundi akasema kanuni ya Marekani ya NFPA 211, ya chama chao cha kuzuia moto, inataka tundu lisizidi mara tatu ya eneo la shingo ya jiko, na kama chimni imekaa upande wa nje wa nyumba inapigwa na baridi basi lisizidi mara mbili. Yetu iko nje. Kwa hiyo hata vigae vingekuwa vizima bado tungehitaji laina.

Na kinyume chake nacho ni hatari. Utakutana na mtu anakwambia tuweke bomba dogo zaidi ya shingo ya jiko kwa sababu linapita kirahisi au ndilo analo stoo. Kataa, labda kitabu cha jiko lako kiwe kimeruhusu kwa maandishi. Moshi ukibanwa unatafuta pa kutokea na patakuwa ndani ya nyumba. Na kama wewe huna jiko la chuma, una meko ya wazi tu, hesabu ni nyingine, pale wanapima mdomo wa meko na tundu linatakiwa liwe karibu sehemu moja ya kumi ya huo mdomo, kwa hiyo usichukue kipimo chetu cha sentimita 15 ukakipeleka kwenye meko ya wazi, utajaza moshi nyumba nzima.

Aina ya chuma nayo uliza, usiridhike na neno stenlesi. Sisi tumewekewa daraja la 316 lenye titani ndani yake. Lile la 304 ni zuri pia kwa kazi nyingi ila halina molibdenamu, na molibdenamu ndio inayosaidia chuma kisitobolewe na chumvi na asidi. Kwa mtu anayechoma kuni kila siku, au makaa ya mawe ambayo yana salfa, mi nashauri ongeza hela uchukue 316. Alumini kwa kuni hapana kabisa, inayeyuka kwenye nyuzi 660 na moto wa chimni nimeshasema unafika wapi, hiyo ni ya baadhi ya majiko ya gesi tu. Chimni yetu ina kona katikati kwa hiyo lilihitajika bomba linalojikunja, la tabaka mbili, ndani ni laini masizi yasipate pa kujishika. Hilo la tabaka mbili lina mshale kwa nje unaoonyesha upande wa juu, na fundi alinionyesha ule mshale kabla hawajalifunga, maana likiwekwa kichwa chini ule utomvu unaoshuka unaingia kwenye maungio badala ya kuteleza kurudi kwenye moto. Unaona kitu kidogo hicho, na bomba likishazama huwezi kukiona tena. Ndio maana nasema simama hapo uangalie.

Kuhusu blanketi nimeona watu wengi wanabishana kama lina umuhimu. Msimamo wangu ni kwamba kwa kuni, na chimni ikiwa nje, usiliruke. Ni blanketi la nyuzi za seramiki, unene karibu sentimita moja na nusu, upande mmoja una karatasi ya foili ambayo inakaa kwa nje, linazungushiwa bomba zima halafu juu yake linavalishwa wavu wa stenlesi ili lisichanike likiburutwa kwenye tofali. Kazi yake ya kwanza ni kuweka moshi uwe wa moto mpaka utoke juu, ya pili ni kuzuia joto lisifike kwenye zile mbao nilizosema. Kuna njia nyingine ya kumimina mchanganyiko wa vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, kati ya bomba na ukuta, nayo inafanya kazi, ila kwetu ukuta ulikuwa na mianya na fundi akaogopa mchanganyiko utavujia kwenye nyumba. Nilimpenda kwa hilo, alichagua kwa kuangalia chimni yetu ilivyo.

Siku ya kazi walianza kwa kusafisha, sio kupiga brashi mara moja kwa sababu ile kreosoti ilikuwa imefika hatua ya kung'aa, ngumu, brashi ya kawaida inateleza juu yake, walitumia mashine yenye minyororo inayozunguka. Hii hatua kuna wanaoiruka, wanasema laina itafunika. Inafunika ndio, lakini kreosoti inabaki nyuma ya laina, ni kuni za akiba zimekaa ukutani. Halafu wakagonga simenti iliyotokeza kwenye maungio ya vigae. Baada ya hapo bomba likatandazwa nje chini, likavikwa blanketi na wavu, likawekewa kichwa chenye ncha na kamba, wawili juu ya paa wanalisha, mmoja chini anavuta kamba. Lilipofika kwenye kona likagoma. Hapa nilikuwa nimeshika roho, nikadhani watalilazimisha, ila fundi mkubwa alipiga kelele "rudisha, rudisha!" wakalipandisha, wakaligeuza kidogo, wakashusha tena taratibu likapita. Wangelilazimisha blanketi lingechanika pale pale kwenye kona na mimi nisingejua maisha yangu yote.

Chini wameweka kiungo cha T nyuma ya jiko, mkono mmoja unakuja kwenye jiko, wa chini una kifuniko cha kutolea masizi. Kiungo kimekazwa kwa mkanda na skrubu za stenlesi, nikajaribu kukitikisa hakichezi. Juu kuna bamba linalofunika mdomo wote wa chimni, bomba limening'inizwa hapo kwa klampu maana uzito wote unabebwa na juu, limepakwa silikoni ya joto kali pembeni, halafu kofia yenye wavu wa kuzuia cheche na ndege. Niliuliza kwa nini chini hawakulifungia ngumu na simenti, akasema chuma kinatanuka, na kweli ukipiga hesabu bomba la mita 8 la chuma hiki likipanda nyuzi 300 linarefuka karibu sentimita 4, likikosa pa kwenda linajikunja au linang'oa viungo. Jibu la namna hiyo ndio nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo.

Kabla hawajaondoka walipitisha kamera tena, wakafanya jaribio la moshi, wakawasha moto na kupima mvuto kwa kifaa, ilisoma karibu paskali 12, yaani kipimo cha nguvu ya mvuto, ambayo ndio kitabu cha jiko letu kinataka. Halafu wakafanya kitu ambacho sikutegemea, wakafunga madirisha yote, wakawasha ile feni ya jikoni ya kutoa harufu kwenye mwendo wa juu kabisa, wakapima tena. Nyumba ikibana sana feni inaweza kuvuta hewa kupitia chimni na kurudisha moshi ndani hata kama laina ni nzuri kiasi gani. Kwetu mvuto ulishuka kidogo tu. Kama kwako unashuka sana itabidi wakuwekee tundu la hewa safi kwa ajili ya jiko, usikubali wakwambie "usiwashe vyote pamoja" halafu wakaondoka.

Matumizi sasa. Jiko linawaka haraka, moshi haurudi tena ukifungua mlango taratibu, kioo kinakaa safi muda mrefu zaidi, harufu ya lami imeisha, na ule ukuta wa juu tuliukwangua tukapiga plasta upya na msimu wote haujatoa doa. Kuni tunatumia chache kuliko zamani, lakini nataka niwe mkweli hapa maana matangazo yanazidisha chumvi, laina haitengenezi joto. Inachofanya ni kulipa jiko mvuto linaouhitaji, kwa hiyo unaweza kupunguza hewa na moto ukaendelea kuwaka vizuri bila kujaza moshi, hapo ndipo akiba inapotoka. Ukiacha hewa wazi kama ulivyozoea zamani wakati chimni haivuti, utachoma kuni nyingi zaidi na kulichemsha jiko kupita kiasi, chuma kiwe chekundu. Wiki za mwanzo inabidi ujifunze upya jiko lako. Na kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20, kile kipimo kidogo cha pini mbili nunua, unapasua gogo unapima kwa ndani. Kuni mbichi zitaitia kreosoti hata laina mpya.

Haya, ile nyota moja. Vumbi. Walitandika vitambaa sebuleni sawa, lakini chumba cha juu hakuna aliyekifunika, na ile mashine ya minyororo ilitikisa masizi yakatokea kwenye ufa wa ukuta, magodoro ya watoto yalikuwa meusi. Wangetuambia tungefunika wenyewe. Pili hawakusema mapema kwamba watahitaji kutoboa ukuta nyuma ya jiko ili kufikia kile kiungo cha T, niliona nyundo tu imeanza. Kutoboa kulikuwa lazima na walipaziba vizuri, lakini mtu unaambiwa kwanza kwako kunabomolewa nini. Tatu, ile karatasi ya waranti niliidai mwenyewe, ikachelewa, na ilipofika ndio nikaona imeandikwa lazima chimni isafishwe na kukaguliwa na mtu mwenye ujuzi kila mwaka, tena risiti zitunzwe, bila hivyo waranti inakufa. Kitu kikubwa hivyo kinatakiwa kisemwe kwa mdomo siku ya kwanza. Kibandiko cha taarifa walikiweka bila kudaiwa, kiko karibu na jiko kinaonyesha aina ya laina, kipenyo, inafaa kuchoma nini na tarehe iliyowekwa, hicho mhakikishe mnapewa maana fundi wa kesho kutwa atakihitaji.

Kuhusu usafi, laina ya namna hii inapigwa brashi ya plastiki ngumu, ile ya waya wa chuma inaikwaruza. Usichome mbao zenye rangi, mabomba ya plastiki, wala magogo yaliyookotwa baharini, klorini yake inatoboa stenlesi taratibu hata hiyo 316. Wanaochoma makaa ya mawe wasafishe mara msimu unapoisha, wasiache masizi humo mpaka msimu ujao, yakipata unyevu yanakuwa asidi.

Kuna jirani ameniuliza, yeye amehamia kwenye boila mpya ya gesi inayotoa moshi kwa bomba lake la pembeni, na kwenye chimni ya zamani amebaki na hita ya maji peke yake, anasema hana kuni kwa hiyo haimhusu. Inamhusu sana. Hita ndogo peke yake kwenye chimni pana haiwezi kuipasha moto, mvuke wa gesi unageuka maji ukutani, simenti inalika kimya kimya bila hata masizi ya kukuonya, na hewa chafu inaweza kurudi ndani. Yeye laina yake itakuwa nyembamba zaidi na chuma chake kinaweza kuwa tofauti, ila kamera ni ile ile na hawa mafundi nimeshampa namba yao, nimemwambia tu afunike magodoro.